Reli ya Bunduki ya Mbao

Ukisema "reli" Kibera, watu wanaelewa kitu kimoja tu: ile njia ya treni inayopita Laini Saba ikielekea Dagoretti, ambayo asubuhi inageuka barabara ya watu wanaotembea kwenda kazini ili waokoe nauli. Kwa hivyo dairekta wetu aliponipigia simu na kuniambia, "Fundi, mimi nataka hiyo bunduki ikuwe na reli," nilidhani anazungumza kuhusu mahali pa kupigia picha. Nikamjibu kwamba reli iko, itabidi tu tujue ratiba ya treni.

"Si hiyo reli. Ile ya bunduki. Ile iko na meno meno hapa mbele. Kama ya Recce."

Mimi ni fundi wa mbao. Natengeneza vitanda, kabati na stuli, na kibanda changu kiko Kawangware, upande wa Gatina. Vijana wa Kibera wanaopiga filamu fupi walinijua kwa sababu niliwahi kuwatengenezea jeneza la kuigizia, jepesi, la plaiwudi, ambalo watu wawili wangeweza kulibeba kama limebeba mtu mzima. Safari hii walitaka bunduki. Filamu ilikuwa ya dakika kumi na tano hivi, kuhusu usiku mmoja wa Januari 2008, vijana waking'oa reli na askari mmoja akiwa amebaki peke yake upande wa pili wa mfereji. Januari hiyo reli iling'olewa kweli, si hadithi. Mizigo ya kwenda Uganda ikakwama, na vyuma vilivyolala hapo tangu enzi za Mwingereza vikainuliwa kwa mikono.

Kibera imezoea kamera. Kibera Kid ilipigwa huko 2006, na Togetherness Supreme ya 2010 ilirudi kwenye machafuko hayo hayo ya uchaguzi. Lakini mtu hazoei kuona bunduki, hata ya bandia, hata ikiwa imeshikwa na kijana anayemjua kwa jina la mamake. Hapo ndipo kazi hii ilipokuwa ngumu, wala si kwenye randa na patasi.

Nianze na kile kipande chenyewe. Kila bunduki ndefu ina sehemu ya mbele ambayo mkono wa kushoto unashika. Mtutu ukipiga risasi kadhaa unakuwa moto kama sufuria, na hakuna mtu angeweza kuushika mtupu. Kwa hivyo unafunikwa kwa mbao, au plastiki, au bati lenye matundu. Mimi nakiita kishikio cha mbele. Zamani kilikuwa cha kushika tu. Siku hizi kinabebeshwa vitu: tochi, darubini, kigingi cha mkono. Vitu hivyo vinahitaji mahali pa kufungwa, na hapo ndipo hiyo reli inapokuja, ule ubapa wa chuma wenye meno kama ya ngazi.

Meno hayo yana vipimo. Jeshi la Marekani liliviweka kuwa kanuni mwaka 1995, na jina la Picatinny linatokana na karakana ya silaha ya New Jersey. Kila mfereji una upana wa milimita 5.23, na kutoka katikati ya mfereji mmoja hadi katikati ya mwingine ni milimita 10.01. Kabla ya hapo kulikuwa na reli ya Weaver, inayofanana nayo kwa macho, lakini mfereji wake ni mwembamba, milimita 4.57, na nafasi kati ya mifereji haina kanuni moja. Kifaa cha Weaver mara nyingi kitakaa kwenye Picatinny. Kifaa cha Picatinny kikienda kwa Weaver, mara nyingi kitagoma. Baadaye zikaja aina nyingine zisizo na meno, zenye matundu tu: KeyMod mwaka 2012, M-LOK mwaka 2014, na hizo mbili haziingiliani hata kidogo.

Mkenya hahitaji kuelezwa sana hapa. Treni ya zamani, ile inayopita Kibera, inakimbia juu ya vyuma vilivyoachana mita moja. SGR iliyoanza kubeba abiria mwisho wa Mei 2017 inakimbia juu ya mita 1.435. Zote ni reli, zote ni chuma, zote zinatoka Mombasa, na behewa la moja haliwezi kupanda kwenye nyingine. Hata ulipake rangi gani.

Dairekta hakuwa ametaka mahesabu hayo. Yeye alikuwa ameenda mjini, kwenye duka la vinyago, akanunua bunduki ya plastiki ya watoto yenye sura ya AR, ile ya Kimarekani, akaing'oa kishikio chake cha mbele chenye meno pande zote nne. Akaniletea kikiwa ndani ya mfuko wa karatasi kama mkate.

"Hii unaiweka tu kwa ile yetu."

Ile yetu ilikuwa G3. Nilikuwa nimeianza wiki moja kabla, kwa saipras na plaiwudi, nikipima kutoka kwa picha. G3 ina urefu wa mita moja na sentimita mbili hivi, ukijua hiyo moja, zingine zote unazipata kwa rula na kugawanya. Tulichagua G3 kwa sababu ndiyo iliyoko kwenye kumbukumbu ya watu. Ni bunduki ya Kijerumani iliyotokana na mchoro wa Kihispania, Ujerumani Magharibi ikaipa jeshi lake mwaka 1959, na hapa kwetu imebebwa na polisi miaka mingi kiasi kwamba mtoto wa darasa la tatu Kibera anaweza kukuambia ni ipi G3 na ni ipi AK kwa kuangalia magazini tu. Iliyonyooka ni G3. Iliyopinda kama ndizi ni AK. Hilo somo halimo kwenye silabasi.

Nikamweleza kwa nini kishikio chake hakiingii. Kwenye AR, kishikio kinazunguka mtutu wote kama mkono wa shati, na kinafungwa nyuma, kwenye nati kubwa pale mtutu unapoingia kwenye mwili wa bunduki. Ndiyo maana wenye AR wakinunua kishikio wanauliza kwanza urefu: tundu la gesi liko mbali kiasi gani kwenye mtutu, inchi saba, tisa, au kumi na mbili, kwa sababu kishikio kirefu kitakutana na kile kibonge cha gesi njiani, na kifupi kitaacha pengo. Wanauliza pia ile nati ni ya nani, maana kila kampuni ina yake.

G3 haina hayo. Haitumii gesi kwa njia hiyo. Juu ya mtutu wake kuna bomba la pili, na ndani ya bomba hilo kuna mkono wa kukokia, unaotokeza kushoto, mbele kabisa. Askari akitaka kukoki anauvuta mkono huo kurudi nyuma kwenye ufa wa bomba. Kishikio cha G3 hakizungushwi. Kinaning'inia chini ya bomba, na mbele kinashikwa na pini moja tu. Ukikivalisha kishikio cha AR, utakuwa umefunika mkono wa kukokia. Bunduki haitakokika.

"Lakini ni ya mbao," dairekta akasema. "Haikokiki hata hivyo."

Alikuwa na haki. Hapo nikakaa kimya kidogo, kwa sababu swali lake ni zuri kuliko lilivyoonekana. Kitu cha bandia kinapaswa kulingana na nini? Na bunduki ya kweli, au na macho ya mtu?

Jibu langu la kwanza lilikuwa la kifundi. Kuna kampuni Ulaya zinazotengeneza kishikio cha reli cha G3, chenye ufa uliowachwa kushoto ili mkono wa kukokia upite. Ningeweza kuchonga mfano wa hicho. Nilijaribu kwenye kipande cha saipras, msumeno mwembamba, mfereji kwa mfereji, milimita kumi kwa kumi. Saipras ni mbao laini, meno madogo yanamomonyoka, lakini ukiyapaka gundi kabla ya msasa yanashika. Kilitoka vizuri. Kwa mwanga wa taa ya kibanda kilitisha.

Jibu la pili lilikuja kutoka kwa mzee mmoja wa Makina. Dairekta alitaka nizungumze naye kwa sababu babake alikuwa King's African Rifles na alikwenda Burma. Wanubi ndio wenye Kibera ya kwanza, wao husema Kibra, maana yake msitu kwa Kinubi, na ni askari wa KAR waliopewa mahali hapo pa kukaa mwanzoni mwa karne iliyopita, karibu na uwanja wao wa kulenga shabaha. Kwa hivyo bunduki si mgeni aliyekuja Kibera na siasa za 1992 au 2007. Mtaa wenyewe ulianza na watu waliopewa bunduki, na wakanyang'anywa walipomaliza kutumika.

Mzee alizungumzia .303 ya babake kwa mikono, akinyoosha wa kushoto mbele. "Mbao ilikuwa inafika mpaka mdomoni," akasema. "Huoni chuma. Ni mbao tu, halafu kisu." Huo ulikuwa mtindo wa zamani wa Lee-Enfield, uliovikwa mbao hadi ncha. Ule uliokuja baadaye, Namba 4, uliacha ncha ya mtutu nje, na mbao za moja haziingii kwenye nyingine ingawa risasi ni ile ile. Nilimwonyesha mzee kishikio changu chenye meno. Akakigeuza, akapitisha kidole kwenye mifereji.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kufungia tochi, mzee."

"Askari wa elfu mbili na nane alikuwa na tochi gani ya bunduki? Hao walikuwa wanatumulika na tochi ya mkono. Hii yako ni ya juzi."

Basi. Mzee alikuwa amemaliza ubishi wa wiki nzima. Polisi walioonekana kwenye reli ya Kibera Januari ile walibeba G3 na AK zenye vishikio vya kawaida. Mambo ya meno meno Wakenya wengi waliyaona vizuri kwenye picha za Westgate 2013 na Dusit 2019, mikononi mwa vikosi maalum. Filamu ya 2008 yenye reli ya Picatinny ni kama filamu ya Mau Mau yenye simu ya mkononi. Kulikuwa na reli moja tu ya kuonekana katika hadithi hiyo, na ilikuwa chini.

Nilidhani tumemaliza. Halafu mama wa yule kijana atakayecheza askari akaja Kawangware.

Alikuja na matatu mbili, akafika saa nne asubuhi, akakataa stuli. Alitaka kuona hicho kitu. Nikamwonyesha: mwili wa G3 umepakwa rangi nyeusi isiyong'aa, kishikio laini kisicho na meno, kijani kilichofifia. Hakukigusa. Aliuliza itasafiri vipi kutoka Kawangware hadi Kibera. Aliuliza italala wapi. Aliuliza mwanawe akiwa ameishika usiku karibu na reli na gari la polisi lipite Kibera Drive, nani atasema neno la kwanza.

"Hiyo kitu isilale kwa nyumba yangu," akasema. "Na mtoto wangu asionekane nayo mahali hakuna kamera."

Sikuwa na la kumjibu. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inaeleza silaha ya bandia kuwa kitu chochote chenye sura ya silaha, kiwe kinaweza kutoa risasi au hakiwezi. Kifungu cha 34 kinaadhibu anayeitumia kwa nia ya uhalifu. Kwa hiyo mbele ya hakimu, kijana anayeigiza ana la kusema: nia yake ni filamu. Lakini mama hakuwa anamfikiria hakimu. Alikuwa anafikiria zile sekunde mbili kabla ya mtu yeyote kuuliza nia. Na mimi Kawangware nakumbuka Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, nyumba zikiwaka na milio ikisikika hadi usiku. Wakati huo mtu hakuwa anaangalia kishikio cha mbele ni cha aina gani.

Marekani, kinyago cha bunduki lazima kiwe na ncha ya rangi ya machungwa. Tulifikiria hilo. Kwenye kamera lingeharibu kila kitu, na kwa kweli sina imani kwamba ncha ya machungwa ingesomeka gizani pale Laini Saba.

Hapo ndipo kile kishikio kikarudi kuwa kazi yangu kubwa. Nilikuwa nimefikiria kukibandika kwa gundi. Badala yake nikafuata G3 yenyewe: pini moja mbele, kitu kining'inie, kitoke kwa sekunde tatu. Pini ilikuwa msumari wa inchi sita nilioukata na kuulainisha kwa tupa. Ukikitoa kishikio, kinachobaki ni ubao mwembamba wenye fimbo mbili za mabomba, moja juu ya nyingine, na nilihakikisha fimbo hizo nazo zinachomoka, maana nilizitia kwenye soketi badala ya kuzipiga skrubu. Bila hivyo vitatu, kilichobaki kilifanana na kitako cha stuli iliyovunjika. Nimetengeneza stuli nyingi, najua.

Halafu nikapaka rangi upande mmoja tu. Upande wa kushoto, ambao kamera ingeuona, ulikuwa mweusi na kijani. Wa kulia niliuacha mbao tupu, nyeupe, na mistari ya saipras ikionekana, na penseli zangu za vipimo sikuzifuta. Dairekta alilalamika kwamba sasa ana pembe moja tu ya kupigia picha. Nikamwambia achague pembe hiyo vizuri.

Mwili ulikwenda Kibera ndani ya gunia pamoja na mbao zingine za seti. Kishikio na fimbo vilibaki kwangu, na siku ya kupiga picha nilivibeba mwenyewe. Mama alikubali hivyo. Alikubali pia baada ya dairekta kupeleka barua kwa chifu na kituoni, na kuomba OCS atume mtu. Alitumwa konstebo mmoja, mpole, aliyekaa kwenye jiwe karibu na reli na kunywa chai yetu. G3 yake ya kweli ilikuwa imelala magotini. Alipoona yetu upande uliopakwa rangi alisimama. Alipoona upande mwingine alicheka.

"Nani amechonga?"

Nikainua mkono. Akaniita, akanionyesha pini yake mwenyewe, ile ndogo ya mbele. Akaibonyeza kwa kidole gumba bila kuitoa. Pini yangu ilikuwa nene mno, alisema, lakini mahali ni penyewe. Kisha akauliza kama natengeneza vitanda vya futi nne kwa sita na ni pesa ngapi.

Tulipiga ile picha mara tano. Katika ya nne, kijana, akiwa askari, anasimama akiangalia vyuma vilivyoinuliwa, mkono wa kushoto umeshika kishikio, na vidole vinakipapasa kana kwamba anatafuta kitu. Hakuambiwa afanye hivyo. Baadaye alisema msasa wangu uliacha mahali pamoja parefu panapochoma, na alikuwa akikwepa kibanzi. Dairekta alitumia hiyo ya nne.

Mama alisimama nyuma ya kamera muda wote, mkono kifuani. Dairekta aliposema tumemaliza, alikuja moja kwa moja kwangu, si kwa mwanawe, akanyoosha mkono. Nikachomoa pini, nikampa kishikio. Ndiyo mara ya kwanza alikigusa. Alikigeuza upande wa mbao nyeupe, akasoma penseli zangu, kisha akakirudisha akaniambia nikichome kabla sijavuka Ngong Road.

Sikukichoma pale, konstebo alikuwa bado na kikombe chetu. Nilikichoma jioni hiyo hiyo Kawangware, pamoja na fimbo na kile cha kwanza chenye meno, kwenye jiko la kuchemshia gundi. Saipras inashika moto haraka na inanuka vizuri. Mwili wa G3 ulirudi wiki iliyofuata kwenye gunia. Nikaukata vipande vinne, na viwili viliingia kwenye droo ya meza ya mteja wa Riruta, upande mweusi ukiangalia ndani. Msumari uliobaki niliupiga kwenye kitanda cha konstebo. Futi nne kwa sita. Bado ana deni la elfu mbili.